Picha zimefika, bando limeisha, hakuna kilichoonekana

Wadau, leo naomba tugombane na mafundi wa tovuti. Sio wote, wapo wanaojua kazi. Nagombana na wale wa "tovuti yako itang'aa mzee", wanaolipwa nusu kabla na nusu baada.

Ugomvi wenyewe ni kuhusu kitu kidogo ambacho wengi wenu mmekiona bila kukijali. Unafungua ukurasa, mahali pa picha ni peupe, halafu picha inaibuka taratibu kama mtu anayetoka kwenye ukungu. Wenyewe wanaita feidi. Kwenye simu mpya, mtandao ukiwa mzuri, ni nusu sekunde tu na inapendeza, sikatai. Tatizo ni pale ambapo huo ukungu hauondoki. Unasubiri, unashuka chini, unapanda juu, peupe. Unafunga unafungua tena, peupe vilevile, na bando limekatwa mara mbili.

Nasema wazi: feidi iliyotengenezwa kizembe ni wizi wa bando. Neno kali, lakini nisikilizeni kwanza.

Ukurasa unakuja na maagizo ya aina mbili. La kwanza ni la mavazi, yaani ile CSS, nalo linasema: picha zote zifichwe, uwazi wake uwe sifuri. La pili ni la skripti, ile JavaScript, nalo linasema: picha ikishafika, ifunue polepole. Sasa angalia ujanja ulipo. Agizo la kuficha linaeleweka na karibu kila kivinjari kilichotoka miaka hii zaidi ya kumi. Agizo la kufunua linahitaji skripti ifike salama, isomeke yote bila kukwama, na kila amri iliyomo iwe inajulikana na kivinjari cha msomaji. Kikikosekana kimoja tu, picha imefichwa na wa kuifunua hayupo. Ni kufuli ambalo kila mtu amefungiwa nalo, ufunguo wamepewa wenye simu za mwaka huu.

Na kitu ambacho watu hawakijui: picha iliyofichwa kwa namna hiyo inashushwa kama kawaida. Uwazi sifuri hauizuii kushuka. MB zako zinaondoka, picha iko ndani ya simu yako, ila huioni. Ungekuwa umenunua kilo ya sukari ukaambiwa imo kwenye mfuko, ruksa kubeba, marufuku kufungua, ungeita mgambo.

Mimi ni mwandishi, sio fundi. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia niachane na mambo ya kompyuta niandike habari. Lakini habari zangu ndizo zinazofichwa, kwa hiyo nayaingia.

Niliandika makala kuhusu magonjwa ya kahawa, nikaenda mpaka Mbuji, huku kwetu Mbinga, kupiga picha mashambani. Mnaojua kahawa mnajua makala ya namna hiyo bila picha ni bure. Kuna kutu ya majani, ule unga wa rangi ya chungwa unaokaa upande wa chini wa jani. Kuna chulebuni, inayoshambulia punje zikiwa bado mbichi, ikaweka madoa meusi yaliyobonyea, kisha punje inakauka mtini au kudondoka. Halafu kuna punje iliyoungua na jua tu, ambayo mgeni akiiona anadhani ni chulebuni, anakimbilia dawa, anapoteza hela. Tofauti hizo huzielezi kwa maneno ukamaliza. Unaweka picha mbili, moja kushoto moja kulia, mkulima mwenyewe anaona.

Niliweka picha sita. Gazeti tando lililoichapisha silitaji, halikuwa na nia mbaya. Wiki iliyofuata nilirudi Mbuji. Mzee mmoja mwanachama wa AMCOS, ambaye shambani kwake ndiko nilikopigia picha mbili kati ya hizo, akanipa simu yake. Android ya zamani, kaipata kwa mwanae anayefanya kazi Songea. Makala imefunguka yote, maneno yako sawasawa. Mahali pa picha kuna miraba sita mieupe, na chini ya kila mraba maelezo yangu: "Kushoto, punje yenye chulebuni. Kulia, punje iliyounguzwa na jua." Kushoto peupe. Kulia peupe.

Akaniuliza, "Mwanangu, hizi picha mmezificha au hazijafika?"

Nikamwambia, "Zimefika mzee, na umeshazilipia. Ila zimefichwa."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Nilipofika kwenye kompyuta nikaufungua ukurasa ule kwa ndani. Sababu ilikuwa ndogo mpaka inatia hasira. Skripti ya kufunua ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya JavaScript ya kisasa, ile yenye alama za mishale ambazo Chrome ilianza kuzielewa mwaka 2015. Kivinjari cha mzee hakijawahi kusasishwa. Kikikutana na alama kisichoijua hakiruki hiyo na kuendelea, kinatupa faili zima la skripti. Sio feidi tu iliyokufa, kila kitu kilichokuwa kwenye faili lile kilikufa. Lakini agizo la kuficha, kwa kuwa liko kwenye faili jingine, lilikuwa zima na linafanya kazi yake vizuri kabisa.

Hapo ndipo nikaanza kusoma historia ya jambo hili, nikakuta mambo ya ajabu.

Feidi sio mpya. Internet Explorer 4 ya mwaka 1997 ilikuwa tayari na vichujio vyake vya kufifisha vitu na hata kuyeyusha ukurasa mzima kuingia kwenye mwingine. Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na lahaja yake. Explorer ilitaka filter ya alpha, kwa hesabu ya 0 mpaka 100. Mozilla walikuwa na opacity yao yenye kiambishi chao mbele, hesabu ya 0 mpaka 1. Safari za mwanzo nazo zilikuwa na ya kwao. Fundi wa mwaka 2004 aliyetaka picha moja ififie aliandika mistari mitatu minne inayosema jambo lilelile, halafu anaweka saa ndani ya skripti inayoongeza namba kidogo kidogo mpaka picha ikamilike.

Na vijimambo havikuisha. Kwenye Explorer ya zamani, kitu kisipokuwa na upana au urefu uliotajwa, kile kichujio kilikuwa hakifanyi kazi kabisa. Ukififisha maandishi, yakimaliza kuibuka herufi zake zinakuwa zimechakaa kama zimeandikwa kwa mkaa, mpaka uondoe kichujio. Picha za PNG zenye uwazi, Explorer 6 ya mwaka 2001 ilizipaka rangi ya kijivu nyuma. Explorer 7 na 8 zikazionyesha vizuri, lakini ukijaribu kuzififisha zinaota ukingo mweusi. Mwaka 2006 ikaja jQuery, mafundi wakapumua: unaandika neno moja, yenyewe inahangaika na lahaja zote nyuma ya pazia. Nadhani hapo ndipo ustaarabu ulipoanza kupotea, maana mtu alianza kutumia feidi bila kujua imejengwaje.

Lakini sikieni hii. CSS ya kawaida ya opacity, Explorer haikuielewa mpaka toleo la 9 la mwaka 2011. Maana yake, ukurasa ule ulioficha picha zangu ungefunguliwa na Explorer 8, ile takataka iliyotukanwa na mafundi wote duniani, agizo la kuficha lisingeeleweka na picha zote sita zingeonekana! Kivinjari kisichojua chochote kingemhudumia mzee wangu kuliko kile kinachojua nusu. Sijui kama nicheke.

Kulikuwa na mtego mwingine enzi hizo ambao mpaka leo unauma watu. Skripti inasubiri tukio la picha kumaliza kushuka, linaitwa onload. Sasa kama picha ilikuwa tayari kwenye akiba ya kivinjari kwa sababu uliifungua jana, inakamilika papo hapo, kabla skripti haijakaa vizuri kusikiliza. Tukio limeshapita. Skripti inabaki imesimama kituoni inasubiri basi lililoondoka asubuhi. Matokeo yake mtu anaiona picha mara ya kwanza, akirudi mara ya pili haioni, anampigia fundi, fundi anafungua kwake anaona iko sawa, anamwambia mteja simu yako mbovu. Dawa yake ni mstari mmoja: kabla ya kusubiri, uliza kwanza kama picha imeshakamilika. Kivinjari kinajua, kuna sifa inaitwa complete. Mstari mmoja!

Najua mtakachosema. "Ndugu mwandishi, Explorer imekufa." Kweli, Microsoft waliacha kuihudumia Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022, na Windows XP waliitupa tangu Aprili 2014. Lakini kufa kwa Explorer hakukuleta simu mpya Mbuji. Ukongwe umehama tu, umetoka kwenye kompyuta za intaneti kafe ukaingia mifukoni mwa watu.

Chukua simu za kitochi zenye KaiOS, zile zenye vitufe lakini zilizokuwa na WhatsApp. KaiOS 2.5 imejengwa juu ya injini ya Firefox 48, ya mwaka 2016. Siku hizi mafundi wanapenda picha isianze kushuka mpaka msomaji akaribie kuifikia, jambo ambalo kwa bando ni zuri sana, nalipongeza. Wanatumia kitu kinaitwa IntersectionObserver. Firefox ilikipata toleo la 55, mwaka 2017. Kwa hiyo kwenye kitochi cha KaiOS, kama fundi hakuweka njia ya pili, picha haishuki kabisa, milele. Angalau hapo bando limesalimika.

Chukua Opera Mini. Hii ndiyo imewalea Watanzania wengi mtandaoni tangu ilipotoka dunia nzima mwaka 2006, na nikikaa stendi ya Mbinga naiona bado kwenye simu za watu. Ikiwa kwenye hali ya kubana sana, ukurasa haupikwi kwenye simu yako. Unapikwa kwenye seva za Opera, skripti zinapewa muda mfupi huko huko, kisha unaletewa sahani iliyokwisha kupakuliwa. Ukishuka chini kusoma, seva haina habari kwamba umeshuka. Sasa fundi aliyesema "picha ifunuke msomaji akishuka mpaka hapa" amepanga miadi na mtu asiyekuwepo. Feidi yenyewe haina maana hapo kwa sababu hakuna mwendo, kuna sahani tu.

Na hao wenye Android ya kawaida msidhani wamepona. Chrome 119, ya mwaka 2023, ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Android 7. Simu iko nzima, betri inakaa, kioo hakijapasuka, lakini kivinjari chake kimegandishwa mwaka huo. Kila mwaka fundi anaandika kwa lugha mpya zaidi, na kila mwaka simu nyingine nzima inageuzwa kuwa kongwe bila mwenyewe kuambiwa.

Sasa mseme nani anabeba gharama hii. Fundi yuko Mikocheni au Sinza, kompyuta mpya, waifai ya ofisi, anapima kazi yake kwenye Chrome ya wiki iliyopita. Kwake feidi haijawahi kukwama hata siku moja. Mteja wake ni bosi, naye ana simu ya milioni. Wote wawili wanaona kitu kizuri, hela inalipwa. Anayeona miraba mieupe yuko kwenye milima ya Umatengo au kule chini Lituhi na Liuli, mtandao unapanda na kushuka kama njia yenyewe, na hana namba ya fundi. Hata akiwa nayo ataambiwa anunue simu nyingine.

Jambo linakuwa baya zaidi kwa tabia yetu ya kupiga picha karatasi. Taasisi ina tangazo, badala ya kuliandika kwenye ukurasa inaliskani na kulipachika kama picha. Bei, tarehe ya mwisho ya maombi, majina ya walioitwa kwenye usaili, vyote vimo ndani ya picha. Halafu juu ya picha hiyo wanaweka feidi! Mtu anakosa tarehe ya usaili kwa sababu herufi zilitakiwa ziibuke kimadoido. Na mara nyingi hata yale maandishi mbadala ya picha, alt, hayapo, kwa hiyo asiyeona kwa macho anayetumia programu ya kusomewa naye hapati kitu.

Linganisheni na kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani, NECTA. Watu huzicheka kwa ubaya. Majedwali matupu, herufi za zamani, hakuna picha inayocheza. Lakini siku matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ukurasa wa shule ukishafika kwenye simu unasomeka, iwe kitochi, iwe Opera Mini, iwe kompyuta ya mwaka 2003. Msongamano wa siku hiyo ni shida nyingine. Mimi ningempa tuzo aliyekataa kuziremba.

Kuna atakayesema nachukia uzuri. Hapana. Mimi ni mtu wa Mbinga, nimekulia nikitazama ngoro. Ambao hamjaziona, ni vishimo vya mraba vinavyochimbwa kwenye miteremko mikali, mlima mzima unakuwa kama umesukwa. Watalii wanazipiga picha kwa uzuri. Hakuna bibi aliyeinama na jembe kutwa nzima ili mlima upendeze. Ngoro zinashika maji ya mvua udongo usiporomoke, nyasi zinaozea ndani zinakuwa mbolea, mahindi na maharage yanapata pa kusimama. Uzuri umekuja wenyewe kwa sababu kazi imefanyika vizuri.

Na picha nayo ina uzuri wake wa kuja wenyewe, bila skripti yoyote. Kiwango cha JPEG cha mwaka 1992 kina namna zaidi ya moja ya kuhifadhi picha. Ya kawaida inashuka mstari kwa mstari. Mliokuwa mnafungua blogu ya Michuzi baada ya 2005 mnaikumbuka: kwanza paji la uso la mheshimiwa, kisha miwani, kisha tai, na mtandao ukikata unabaki na waziri asiye na miguu. Namna ya pili inaleta picha nzima ikiwa na ukungu, halafu inazidi kukaza mpaka inakuwa safi. Hiyo si ndiyo feidi yenyewe? Na ina faida kwamba mtandao ukikatika katikati, umebaki na picha nzima yenye ukungu kidogo, sio weupe. Kivinjari kisichojua kuionyesha kwa hatua kinasubiri imalizike, kinaionyesha yote. Unachagua tiki moja wakati wa kuhifadhi picha, basi. Ongeza upana na urefu wa picha kwenye ukurasa ili maandishi yasirukeruke inapofika, na rangi tulivu nyuma yake.

Ukitaka feidi kwa nguvu zote, nakuruhusu, ila kwa mpangilio huu. Picha ianze ikiwa inaonekana. Skripti ikishafika na kuthibitisha kwamba kivinjari kinajua kila amri inayohitajika, yenyewe ndiyo iweke alama juu ya ukurasa, na ni alama hiyo tu inayoruhusu kuficha. Skripti ikifa, alama haikuwekwa, picha iko wazi. Iulize kwanza kama picha imeshakamilika. Iwe na saa: zikipita sekunde mbili tatu, funua chochote kilichopo. Na picha ikishindwa kufika, onyesha maneno yake mbadala. Hakuna cha gharama hapo, ni saa moja ya kazi. Na kwa kuchelewesha picha mpaka msomaji akaribie, vivinjari vyenyewe vina neno lake siku hizi, loading lazy. Chrome ilianza nalo 2019, Firefox 2020, Safari 2022. Kivinjari kisicholijua kinalipuuza na kushusha picha kama kawaida. Hivyo ndivyo kitu kinavyotakiwa kushindwa.

Nimewaandikia wenye lile gazeti tando mara mbili na kuwaeleza yote haya. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba wengi wa wasomaji wao wana simu za kisasa. Hiyo hoja ndiyo inayonichefua kuliko zote. Kama mwenye simu ya zamani haoni kitu kwako, atarudi kufanya nini? Unamfukuza halafu unahesabu waliobaki, unasema umeona, wote wana simu mpya.

Kwa hiyo naongea na wanaolipa: wenyeviti wa vyama, wakuu wa shule, wahariri, mapadri wa parokia zenye tovuti. Siku fundi anakuja kukabidhi kazi, usikubali akuonyeshe kwenye laptopu yake. Mwambie azime JavaScript mbele yako aufungue ukurasa. Kisha azima simu ya zamani kuliko zote pale ofisini, ya mlinzi au ya mama wa chai, fungua na Opera Mini ukiwa umezima waifai. Kagua picha moja moja. Ukikuta mraba mweupe, ile nusu ya malipo iliyobaki ikae kwanza mfukoni kwako.